Sababu ya Duka Lako Kufungwa

Munywani wangu Rwezaura, uliyezikwa ng'ambo ya mpaka, mahali nisipopajua,

Leo nitatanguliza zito kabla ya salamu, maana nikianza na mzaha nitamalizia kwa mzaha, unanijua. Aliyetoa siri yako kwa wenye maduka wa Muleba ni mimi. Mzungu wa maswali hakusema kitu. Wapagazi wako hawakusema kitu. Ni mdomo huu huu uliokuwa ukikuchekesha mpaka unashika mbavu. Nimeomba barua hii itiwe gazetini, ili wale wanaowasingizia wapagazi wako mpaka leo wasome, na asiyejua kusoma asomewe.

Unakumbuka siku tuliyokula buni, tukawa wanywani, ndugu wa damu? Baba yako alipasua tunda moja la kahawa, zikatoka punje mbili, tukachanjwa tumboni, kila mmoja akameza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Tukaapa: hatutafichana, hatutauzana. Mimi nikalalamika kwamba punje niliyopewa ni ndogo. Ukasema, "Meza tu, damu yangu haina makuu. Mwenye kazi ni mimi, ninayemeza majivuno yako." Baba yako alicheka mpaka akamwaga lubisi, pombe yake ya ndizi.

Na majivuno nilikuwa nayo, nikatae nini? Mtu nimevuka bahari wakati wa vita, nimekula samaki wa Mombasa, nimeona mji wa Colombo kwa macho yangu. Darasa nililoishia ni la nne, lakini Kiingereza changu kilitembea kwa fimbo na bado kilifika. Ndiyo maana yule Mzungu alipokuja Bukoba akitafuta mkalimani, wenye vyeti walibaki wanatazamana, na mimi nikawa nimeshapanda kwenye gari lake.

Kazi yake ilikuwa ya ajabu. Alitaka kujua kwa nini kila mwenye duka la kahawa analia kwamba wapagazi hakuna, na wakati huo huo njia ya Uganda imejaa vijana wanaokwenda kutafuta kazi. Tukapita duka kwa duka na karatasi za maswali. Unanunua magunia mangapi? Umeajiri watu wangapi? Unawapa ujira gani? Wanaondoka kwa nini? Nawe unajua adabu ya watu wetu wakiulizwa habari za mali. "Waitu, bwana wetu, hali mbaya. Waitu, hakuna kitu." Ukizisoma zile karatasi utadhani wafanyabiashara wa Muleba wote walikufa njaa zamani, na tuliokuwa tunazungumza nao ni mizimu iliyovaa kanzu.

Kisha tukafika Buganguzi, kwenye duka lako. Mzungu alikuwa na homa, akabaki garini. Nikaingia peke yangu, karatasi mkononi, kalamu sikioni. Ukanitazama juu mpaka chini.

"Leo kaja nani? Munywani wangu au karatasi ya Mzungu?"

"Wote wawili."

"Munywani akae. Karatasi ingoje nje."

Ukanipa kahawa ya kutafuna, tukaongea habari za watoto, za Kokugonza mkeo, za ng'ombe wako aliyegoma kushika mimba. Ndipo nikauliza. Kwa nini wewe, mwenye duka dogo kuliko wote, hukosi wapagazi hata msimu ukiwa mkali?

Ungeweza kunijibu "waitu, hakuna kitu" kama wenzako. Lakini aliyekula nawe buni huwezi kumfanyia hivyo. Ukaniambia kwamba wenye maduka wote wamepatana: ujira mmoja, mtu asiongeze hata kidogo, ili mpagazi asiwe na pa kukimbilia. Wewe nawe ulikubali, ukanywa nao lubisi ya mapatano.

"Ujira sijaongeza," ukasema. "Ila anayefika hapa anakula kwanza. Akiondoka ana chumvi na kipande cha sabuni. Akiugua analala pale nyuma mpaka apone."

"Huko si kuongeza?"

"Mtu aliyeshiba haangushi gunia. Usiwaambie wenzangu, wataniua."

"Jina haliandikwi," nikakuambia. "Wewe ni duka la kumi na saba tu."

Na jina halikuandikwa kweli. Mzungu alizifungia zile karatasi ndani ya sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni kama msalaba. Aliposoma ya kwako alinipiga begani. Akasema duka hili moja limemfundisha kuliko maduka mengine yote, kwamba sasa anaelewa: wapagazi wapo, wanachokimbia ni ujira mdogo. Nikavimba. Munywani, nilivimba kama andazi.

Juma lile lile nilikuwa Bukoba mjini, kwenye mkahawa wa chai wa mzee mmoja Mwislamu, karibu na gati. Wenye maduka watatu wa Muleba walikuwa hapo wakingoja lori lao. Wakaanza kunichokoza.

"Huyo bwana wa karatasi! Mtu wa darasa la nne anajua nini kuhusu biashara?"

"Anajua kubeba kalamu. Mzungu akipiga chafya, yeye anaitafsiri."

Wakacheka. Mkahawa mzima ukacheka. Ningecheka nao yangekwisha. Mara ngapi nimechekwa, na mara ngapi nimewachekesha watu kwa kujicheka mwenyewe? Lakini siku ile darasa la nne liliniuma. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Nyinyi mnalia wapagazi wameisha! Wapagazi wako Buganguzi, wanakula ndizi na maharage kwa Rwezaura, wanarudi kwao na chumvi. Yeye ana akili. Nyinyi mna mapatano."

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja wao alilipia chai yangu. Nikaondoka nimenyoosha shingo, nikidhani nimeshinda.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Lori lililokuwa likichukua mzigo wako likaanza kupita bila kusimama. Magunia matupu, uliyokuwa ukiuziwa na wenzako, yakawa hayapo. Mnunuzi wa mjini kila akitia mkono kwenye kahawa yako anasema bado mbichi, irudishwe ikaanikwe. Wapagazi wako walibeba magunia kichwani mpaka Bukoba bila kuombwa, kwa ajili yako, lakini miguu ya watu haishindani na lori. Msimu haukwisha, mlango wako ukapigwa msumari.

Ukaja kwangu Nyanga asubuhi moja, kifurushi begani, ukielekea Uganda kutafuta kazi kwa watu. Wewe uliyekuwa ukilisha wapagazi, sasa unakwenda kuwa mpagazi. Mke wangu akakupikia. Ulikula kidogo, ukanawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha ukaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Nani alisema?"

Nikajibu, "Sijui. Watu wa huku wana midomo."

Ukanitazama. Ukatabasamu. "Kweli," ukasema, "wana midomo." Ukachukua kifurushi chako. Nilikusindikiza mpaka barabara kuu nikipiga soga njia nzima, nisikupe nafasi ya kuuliza tena.

Baadaye Mzungu alirudia maduka yale yale, aone yamebadilikaje. Tukafika kwako. Msumari. Akaniuliza sababu ya duka kufungwa. Nikamwambia, naye akaandika: mwenye duka amehamia Uganda kutafuta kazi. Hakuna neno la uongo hapo. Karatasi hiyo ilipanda meli na sanduku lake ikaenda Ulaya, na huko wasomi wataisoma, watakuhesabu pamoja na wale vijana wote wa njiani, mmoja zaidi aliyeondoka kwa hiari yake.

Habari za kifo chako alizileta mtu wa Ngenge aliyekuwa akibeba pamba pamoja nawe. Homa, akasema. Siku tatu. Hapakuwa na mahali pa mgonjwa kulala.

Nilichelewa kwenda kwa Kokugonza. Nilikwenda mwezi uliopita tu. Nilimkuta akimenya ndizi, nikasimama mbele yake kama mshitakiwa, nikamwambia yote, ya mkahawa na ya Nyanga. Hakuinua macho.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Lori lilipompita mara ya kwanza alirudi hapa akaniambia, neno lile nimemwambia mtu mmoja tu."

"Basi mbona aliniuliza?"

Kisu kikasimama kidogo. "Alitaka umwambie. Alisema ukimwambia hatakwenda Uganda. Mngefungua kitu kingine pamoja, huko huko Nyanga."

Akaendelea kumenya.

Munywani wangu, mimi mwenye maneno ya kila mtu, Kiswahili na Kihaya na kile Kiingereza cha fimbo, nilikosa hata moja. Nimeona watu wakifa vitani, nikarudi nikisimulia kwa vichekesho. Hili halina kichekesho. Neno moja tu lilitakiwa, nyumbani kwangu, maji yakikutiririka mikononi, nami nikalificha.

Siku hizi nashuka Buganguzi kila mwezi, nakaa siku tatu napalilia kibanja chako. Kokugonza ananionyesha kwa kidole migomba ya kuanza nayo. Jembe langu amelipokea. Salamu yangu bado hajaipokea, nami simharakishi.

Pumzika huko ulipo. Kesho naanzia upande wa bondeni, majani yamekuwa marefu.

Mimi, munywani wako niliyebaki.