Sitaomba Radhi kwa Kumzika Silvester

Mlandege, Iringa
14 Julai 1956

Mpendwa Mjomba, Bwana Anania,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima naanza kwa kuuliza hali yako, hasa kifua chako katika baridi hii ya Rungwe. Je, mguu wa Shangazi Lea umepona? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye jambo.

Shauri lako nililipokea kwa kinywa cha Lutengano, kwamba niombe radhi ili nisifukuzwe kazi. Nimelitafakari na, kwa unyenyekevu wote, ninalikataa.

Silvester, kijana wa Kilolo, alilazwa katika wodi ninamouguza wagonjwa kama dresa, kwa homa ya mapafu. Nilimwuguza na kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, hata hivyo alifariki Jumamosi. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kwetu aliyemwuguza marehemu asipoonekana mazishini, watu huuliza anaficha nini. Basi Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nilipanda lori la mbao hadi Kilolo, nikiwa nimevaa sare yangu nyeupe, kwani sikuwa na la kuficha.

Sare hiyo iliwatia watu hofu. Walidhani serikali imekuja kuichukua tena maiti. Marcelino, kaka wa marehemu, akaniuliza mbele ya wote: "Dresa, umekuja kukagua kazi yako?"

Nilipokea jembe nikafukia pamoja nao, hata sare ikawa nyekundu kwa udongo. Ndipo mama yao, Bibi Rozalia, akasema: "Mwacheni. Huyu alikuwa na mwanangu nilipokuwa mbali." Nililia, Mjomba, wala sioni haya kuliandika.

Mkuu wa wodi anadai kwamba dresa akienda matangani, watu watasema hospitali imekiri kuua. Amenitaka niombe radhi Jumatatu mbele ya wauguzi wote. Nitasimama, kwa kuwa nimeamriwa kusimama. Lakini nitatamka kwamba mgonjwa wangu akifa nitamzika, na mwingine akifa nitakwenda tena.

Wafikishie salamu zangu Shangazi, Isakwisa na Tusajigwe. Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako na kahawa yako.

Nikifukuzwa, nitarudi kulima. Nakuomba neno moja tu: watu wakikuuliza sababu, usishushe sauti. Waambie mpwa wako alimzika mgonjwa wake.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokukatalia,
Asukile