Bibi Margareth, Ukurasa wa Tisa

Yusto, uko wapi? Nimefanya jambo la aibu, sijui niuweke wapi uso wangu.

Unamkumbuka Bibi Margareth, jirani yangu hapa Majengo, aliyekaa kwenye kigoda mchana kutwa nimchore? Nilimwambia namchora awe malkia kwenye kitabu changu cha katuni. Malkia! Maskini, akaenda kuvaa kitenge cha kanisani.

Nikamfanya mchawi anayekula vivuli vya watoto. Kitenge kilekile, kovu lilelile shavuni.

Sasa kitabu kimefika shuleni, form one wanaazimana. Leo Bibi kaja nacho kwangu. Hajui kusoma, ndugu yangu. Kafungua ukurasa wa tisa, kaweka kidole kwenye uso wake. "Mjukuu wangu, nisomee. Hapa nasema nini?"

Pale nimeandika, "Leteni vivuli vyenu, nina njaa."

Nikasoma, "Njooni wanangu, msiogope giza."

Yaani nimemdanganya huku ananitazama, Yusto! Na sauti haikutetemeka hata kidogo. Akatabasamu, akasema nimempatia kweli, mpaka kovu.

Nikadhani yameisha.

Akakifunga kitabu taratibu. "Sasa kama nawaita vizuri hivyo, mbona watoto wa hapa mtaani wakiniona wanakimbia, wanapiga kelele nisikanyage vivuli vyao?"

Nimesingizia kumchemshia chai, nakuandikia niko jikoni. Chai imeshachemka. Yeye yuko pale nje, kwenye kigoda kilekile, anasubiri nimjibu.