Kelele za Mapumziko

Mama Kibibi,

Leo nimewahi kwenda lindoni. Maharage yameiva, ongeza chumvi tu. Mkate mkubwa ni wa Kibibi, usimpunje.

Asubuhi nimerudi kutoka kazini hoi, ndio kwanza usingizi unanichukua, shule ikatoka mapumziko. Kelele! Nikafungua dirisha nikawafokea kama nimepagawa. Wote wakatimua mbio, akabaki mmoja pale ukutani. Wetu.

~~Tutafute nyumba nyingine.~~ Hapana, tulihamia hapa ili yeye apate shule hii. Tunabaki. Ninunulie pamba ya masikio.

Nimeondoka mapema kwa sababu naona haya kumtazama. Jirani fundi cherehani alisikia alichokuwa akiwaambia wenzake kabla sijafoka: “Jamani, chezeni taratibu, baba yangu amelala.”

Baba Kibibi