Farasi Aliyekuinamia

Staunton, Virginia
Oktoba 19

Mpendwa Dada Lorna,

Miaka yote hii nimekuficha sababu iliyomfanya farasi asimame mbele yako siku tulipomzika mumeo Raymond, na nataka uijue kabla pumzi haijanikatikia. Lakini kwanza salamu. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Mimi akili ingali sawa, ila maji yamejaa mapafuni, na hata kijiko cha supu ni mzigo. Niwie radhi kwa mwandiko.

Adele, binti yako, alikuja Jumapili na pai ya maboga. Nikamtania kwamba ukoko wake ni mgumu kama ngozi ya tandiko. Akasema, "Mjomba, meno huna, lawama unazo." Kisha akanieleza kuwa Wendell amemposa, na kwamba watoto wanampenda. Lakini wewe umemwambia kwamba mjane wa askari kama yeye hatafuti mume mwingine mpaka aliyekufa amuage kwa ishara, na kama ishara ni ya mapenzi, basi asiolewe tena. Atamjibu Wendell mwezi ujao, Siku ya Shukrani. Naona atamkataa, kama wewe ulivyowakataa wote.

Ishara yako ilikuwa yule farasi, Sable. Gari la jeneza lilitangulia, nami nikafuata nikimwongoza yeye, mweusi, bila mpandaji, buti za Raymond zimegeuzwa visigino mbele kwenye vikuku vya tandiko, kama ilivyo desturi ya kumzika askari. Wewe ulisimama kaburini bila chozi. Sable akasimama mbele yako, akainua mguu wa mbele, akainamisha kichwa. Ndipo ukalia, ukasema Raymond anakuaga. Mwezi haukuisha, Sable akafa, nami nikakuacha uamini kuwa ni majonzi.

Kwetu kwenye zizi la jeshi kila farasi alikuwa na kiongozi wake. Sable akionekana na kasoro yoyote angebaki nyuma, mwenzangu Pruitt na farasi wake ndio wangemsindikiza Raymond, mimi nikae na beleshi la samadi. Sikuweza kulivumilia hilo. Jana yake Dubicki, fundi wa kwato, alikuwa amempigilia Sable viatu vipya, akanionya kwamba akichechemea nimwite haraka. Asubuhi ya mazishi akaniuliza kuhusu Sable, "Vipi bwana mkubwa wako, mzima?" Nikamjibu, "Mzima kuliko wewe." Akacheka, akaenda kunywa kahawa.

Msalimie Adele na wanawe. Mwambie pai niliimaliza, ukoko na yote. Tafadhali msomee barua hii kabla hajamjibu Wendell. Ukinichukia nitaelewa, ila usimchukie Raymond, alikupenda bila farasi.

Sable hakukuinamia, Dada; aliinua mguu kwa maumivu. Msumari ulikuwa umeingia kwenye nyama ya kwato, ikaoza, wakampiga risasi. Na asubuhi ile, nilipomtoa zizini, kabla Dubicki hajaniuliza, nilimwona akichechemea.

Mdogo wako,
Harlan