Uzi wa Savitaben na Panya wa Nyumba Yetu

Mwaka umetimia, Savitaben, tangu ulipotuacha hapa Wete, taa za Diwali zikiwa bado hazijaondolewa barazani kwenu. Mumeo, Bwana Ramji, alitaka kuiandika yeye kumbukumbu hii. Alikaa na kalamu tangu asubuhi, akaandika jina lako tu, kisha akaniletea karatasi. "Andika wewe, Bi Mgeni. Mie nikiandika nalia."

Nikamwambia, "Mie nikiandika nitamgombeza."

"Mgombeze. Atafurahi."

Basi nakugombeza. Huna kaburi nikaja kukaa kando yake. Ulikwenda kwa moto kama ilivyo dini yenu, na majivu yako yakatiwa baharini. Nami nina neno la miaka kumi ambalo sikukwambia ungali hai, na linaniuma. Nitalisema. Ngoja kwanza.

Jirani, ulinitesa kwa siku kuu. Sisi tuna Idi mbili na Maulidi, tumeridhika. Wewe mwezi haukupiti. Januari ladu za ufuta na sukari guru, kwa kuwa jua limegeuza safari yake na maneno ya watu nayo yawe matamu. Hata muda haujapita, unafunga kutwa kwa ajili ya Shiva, nikadhani sasa tutapumzika. Kumbe Holi iko njiani: moto unawashwa, ubaya uteketee na mcha Mungu atoke salama, na kesho yake rangi. Buibui langu jipya ulilipaka unga mwekundu begani. Doa lipo mpaka leo. Silifui.

Halafu kuzaliwa kwa Rama. Halafu kuzaliwa kwa Krishna, na bembea lake dogo unalolivuta kwa kamba kama lina mtoto ndani. Halafu masiku tisa ya kuizunguka taa mkipiga makofi, kwa ajili ya Mama aliyelishinda zimwi. Mwisho Diwali: Rama anarudi kwao baada ya miaka kumi na minne, basi kila mlango uwe na taa asipotee. Ukachora maua ya unga kizingitini, watu wa sokoni wakasimama kutazama. Mlango wangu uko hatua nne tu kutoka kwako, hakuna aliyewahi kusimama mbele yake. Lile ua la mwaka 1936 halikufutwa na upepo, Savitaben. Ulikuwa mfagio wangu.

Na kwangu, kwa miko ya dini yenu, hukula kitu ila dafu, na ndizi iliyo ndani ya ganda lake. Ladu zako mie nilizila zote.

Lakini mwanangu Moza alipougua surua, ulileta maziwa kila asubuhi. Ukagonga mara mbili ukaondoka, usingoje shukrani. Nalo hilo nilikuonea wivu. Kwa nini halikunijia mie kwanza, ulipougua wewe kabla yake?

Sasa lile neno.

Barua ilipokuja kutoka kwenu Kachi, Bara Hindi, kwamba kaka yako Devji amefariki, mume wangu Nyange alikuwa juu ya paa lenu anapiga misumari. Alikisikia kilio chako, akashuka, akasimama mlangoni na nyundo yake. Akasema, "Pole, dada." Ni hilo tu. Nyange si msemaji.

Wewe ukalishika neno hilo. Ulipofika mwezi mpevu wa Agosti, siku mnayoipa bahari nazi ipoe, na dada kumfunga kaka yake uzi amlinde, ukamwita Nyange. Mie sikujua lolote. Nilimwona tu anaingia nyumbani na uzi mwekundu mkononi, doa jekundu kwenye paji la uso, ananukia sandali, shavu limejaa ladu.

"Umetoka wapi?"

"Kwa Savitaben. Kanifunga uzi."

"Kukufunga! Wa nini?"

"Nimlinde," akasema, akatabasamu peke yake.

Wewe umeishi Pemba, unatujua. Mwanamke akimfunga mume wa mtu uzi mwekundu, hapa kwetu hatuulizi maana. Tunajua kaelekea kwa mganga gani. Niliona ndoa yangu ya miaka ishirini inaondoka kwa hatua nne. Nilingoja Nyange alale mchana baada ya sala ya Ijumaa, nikachukua mkasi. Alipoamka akautafuta, nikamwambia, "Panya."

Nawe alikwambia hivyo hivyo: panya.

Mwaka uliofuata uliniita na mie. Ukanipa sinia lenye taa, mchele na uzi, ukasema mbele ya mumeo na mume wangu, "Bi Mgeni, shika kwa mikono miwili. Naambiwa panya wa nyumba yenu ana vidole." Bwana Ramji hakuelewa. Nyange akatazama paa. Kisha ukanieleza kwamba uzi ule ni wa undugu, kwamba ukimfunga yeye, mie nakuwa wifi yako, na wifi hana haja ya mkasi. Ukaniita wifi tangu siku hiyo. Miaka tisa nilishika sinia, wala sikusema.

Ni mimi niliyeukata, Savitaben. Nisamehe.

Agosti hii mwezi mpevu ulipofika, Nyange alivaa kanzu, akakaa kwenye benchi la duka lenu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mkono kapakata. Nikamfuata. "Twende nyumbani, baba."

"Yakhe, basi nifunge wewe."

"Nikufunge mie niwe dada yako? Na mkeo atakuwa nani?"

Alicheka. Kisha hakucheka.

Uzi wako wa mwisho alikuwa hajauvua. Umefifia, umekuwa rangi ya chai. Mwezi uliopita ulikatika akipiga randa. Alikuja nao kiganjani kama kifaranga, akasema, "Mgeni, umekatika. Safari hii si panya."

Kumbe naye alijua, miaka yote.

Nilichukua sindano. Uzi mwekundu sikuwa nao, nimeuunga kwa mweupe, na fundo langu baya. Anauvaa. Akinyoosha mkono watu wakauliza, moyo bado unanichoma, nakwambia kweli. Lakini najibu mie kabla yake: "Huo ni wa wifi yangu."

Unakumbukwa na mumeo Ramji, ambaye bado anawasha taa mbili mlangoni. Na Moza, uliyemnywesha maziwa. Na kaka yako Nyange wa mkono wenye fundo. Na Mgeni, wifi yako, panya.

Hatutakusahau daima, na taa zako mwaka huu nimezipanga mie.