Maua ya Zambarau Juu ya Paa

Baba mpendwa,

Salamu kutoka mtaa wa Pipeline hapa jijini, ambako magorofa yamebanana hata jua hutufikia saa sita mchana tu. Dada yako Adhiambo ananilisha vizuri. Jana alinipandisha juu ya paa kunionyesha karai lililojaa maua ya zambarau.

"Mpelekee kaka yangu ayapande kwenye bwawa lake la samaki," akasema.

Nilishtuka. Yalifanana mno na gugumaji, lile gugu linaloelea lililotufungia ufuo wa ziwa huko nyumbani.

"Shangazi, hili si gugumaji?"

"La. Aliyeniuzia alisema ni ndugu wa gugumaji tu, halisambai."

Sikuridhika, nikaingiza mikono majini. Mmea wa kwanza ulikuwa umeshika tope kwa mizizi, umesimama wima, vimaua vyake vimepangana kama punje za mtama. Huo kweli ni ndugu tu. Lakini nyuma yake kulikuwa na mwingine unaoelea, vikonyo vimevimba kama vitunguu, mizizi myeusi kama nywele. Gugumaji lenyewe.

Shangazi aliliopoa akalianika juani likauke. Hata ule wa kwanza nilikataa kuubeba, maana bado siuamini.

Akifuta mikono, shangazi akasema, "Miaka yote hii nimeogopa kurudi nyumbani mikono mitupu."

Nilimwambia hakuna anayengoja zawadi, tunamngoja yeye mwenyewe. Jumamosi ijayo tunakuja pamoja. Mtandikie kitanda changu, mimi nitalala chini.

Akupendaye,
Atieno