Mistari kwenye Kioo

Kimbo, Ruiru
Jumamosi

Ndugu yangu Kilonzo,

Huku mvua imeanza, na kuku wa mama wameanza kutaga. Kila ukipiga simu unauliza kama ile bodi ya gemu ya kuchomeka kwenye TV uliyotutumia inafanya kazi. Inafanya, lakini kwenye ile TV nene ya zamani ilikuwa inaleta mistari inayopanda kama moshi. Nilibadilisha nyaya za picha, nikasogeza pawa saplai mbali, nikafunga upya waya wa ardhi. Wapi! Nikakutukana kimoyomoyo hadi nikachoka.

Mzee wetu ndiye aliyejua. Fundi ni fundi hata akiwa kitandani. Aliona mistari inakuja kila mashine yake ya oksijeni ikinguruma, maana zote ziko kwa soketi moja. Akaniambia, "Zima hii yangu dakika moja tu, uone." Nikamwambia aache mzaha. Jumatatu akarudia, nikamfokea.

Kilonzo, kwa simu nimeshindwa. Mashine yake tuliizima Alhamisi asubuhi. Jana nikawasha gemu, nione tu kama alisema kweli. Picha imetulia, haina mstari hata mmoja.

Kata tikiti. Tunakungoja wewe ndio tumzike.

Mdogo wako,
Mutisya